Gia za gari la Lego zikikwama, usilibomoe lote

Kwa wazazi wa Nairobi mnaojenga na watoto magari ya Lego Technic: gia ikigoma, usikimbilie kubomoa. Weka ringi zote za kuteleza (zile zinazosogea kwenye ekseli ili kushika gia) katikati, yaani nyutro, kisha zungusha ekseli ya injini kwa vidole. Ikiwa nzito hata hapo, gia yenyewe haina kosa. Mara nyingi ni bushi (kile kipete kidogo kinachozuia ekseli isiteleze) iliyosukumwa ikabana ukuta wa fremu. Irudishe nyuma kidogo, pabaki mwanya mwembamba kama karatasi, halafu jaribu tena. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi kwa majirani hapa Umoja, na mwongozo wa picha hauonyeshi mbano.

Ikizunguka vizuri, ingiza gia moja moja. Ukisikia ta-ta-ta, ringi haijaingia kikamilifu kwenye meno ya gia. Kagua ule uma unaoisukuma: ukiwa umefungwa kwa pembe isiyo sahihi, ringi huishia njiani. Na gari likifunga kabisa, huenda ringi mbili zimeshika gia mbili za kasi tofauti kwa wakati mmoja. Usilazimishe, ekseli itajipinda.

Vumbi la kiangazi nalo huganda kwenye meno. Osha vipande kwa maji yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, vikauke kivulini. Mafuta ya cherehani sipendi, hukusanya vumbi zaidi.