Kihisi cha Sukari na Upasuaji wa Moyo: Ya Kupanga Kabla ya Siku Yenyewe

Kihisi cha sukari ni kidude kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi na kuonyesha sukari mfululizo kwenye simu au kisomeo. Kabla ya kukitegemea siku ya upasuaji wa moyo, elewa kwanza sukari yenyewe: hata asiye na kisukari anaweza kuamka kutoka upasuaji huo ikiwa juu. Kifua kikipasuliwa, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, ini hufungulia akiba yake ya sukari, na insulini iliyopo haifanyi kazi kama kawaida. Mashine ya moyo na mapafu nayo huchangia, na dawa za steroidi zikitumika huzidisha. Sukari ikikaa juu, kidonda cha kifua huchelewa kupona na hushikwa na vijidudu kwa urahisi. Ndiyo maana timu nyingi hutaka isizidi miligramu 180 kwa desilita, yaani milimoli 10 kwa lita. Kuibana mno nako hakufai: utafiti wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, ulionyesha vifo vingi zaidi kwa waliolengwa kukaa kati ya miligramu 81 na 108.

Anza na HbA1c, kipimo cha damu, wiki kadhaa kabla kama upasuaji si wa dharura. Kipimo hicho hueleza sukari ilivyokwenda kwa miezi miwili mitatu iliyopita, na kikiwa kibaya bado kuna muda wa kurekebisha dawa.

Dawa zenyewe zipitiwe moja moja na daktari. Nitazitaja dawa za kisukari za dapagliflozini, empagliflozini na kanagliflozini, ambazo kwa kawaida husimamishwa angalau siku 3 kabla. Zinaweza kuijaza damu asidi ya ketoni huku sukari ikionekana nzuri tu, na hapo kihisi hakitakuonya chochote. Mwenye kisukari aina ya kwanza asiache insulini yake ya msingi kwa kufikiri kwamba kufunga kula kunatosha, dozi apangiwe.

Sasa kihisi chenyewe. Hakipimi damu, hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, kwa hiyo huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Katika maisha ya kila siku tofauti hiyo haisumbui sana. Chumbani mwa upasuaji, mwili ukiwa umepozwa, damu haifiki vizuri kwenye ngozi na dawa za kupandisha presha zinabana mishipa, namba inaweza kupotoka sana au kupotea kabisa. Mashine ya umeme ya kukatia nyama pia inaweza kuivuruga. Kwa maoni yangu, saa hizo kihisi kiwe shahidi wa pili tu, na dozi ya insulini iamuliwe kwa damu ya ateri iliyopimwa kwenye mashine. Muulize daktari wa usingizi mapema: namba zikipingana, ipi itafuatwa? Asipokuwa na jibu la haraka, endelea kuuliza.

Kikibandikwa, kiwekwe siku moja au zaidi kabla, maana vihisi vingi husoma vibaya saa za mwanzo. Mahali pachaguliwe pamoja na timu, mbali na kifua, na mbali na mguu utakaotolewa mshipa wa kupandikizwa moyoni. Mkono utakaolaliwa au kufungwa mkanda wa presha haufai: kihisi kikigandamizwa husoma chini, na kengele itawakurupusha wauguzi bure. Waambie ni cha aina gani, kwa sababu parasetamoli hufanya baadhi yake visome juu kuliko ilivyo, na vingine huvurugwa na vitamini C ya dozi kubwa. Vingine hutakiwa kuvuliwa kabla ya picha za eksirei, CT au MRI.

Kinapofaa hasa ni wodini, siku za baadaye, hamu ya kula ikirudi nusu nusu na insulini ikipunguzwa. Hapo mshale wa kushuka huonekana kwenye kisomeo kabla sukari haijafika miligramu 70, jambo ambalo kutoboa kidole kila baada ya saa nne kunaweza kulikosa. Jasho na kizunguzungu bado vithibitishwe kwa kidole.

Begi lako liwe na kihisi cha akiba, kisomeo au simu pamoja na chaja yake, na karatasi yenye tarehe kilipobandikwa. Vingi huisha kati ya siku 10 na 15, na unaweza kuwa bado umelazwa.