Kerneli mpya kila wiki: kusasisha seva bila roho juu

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha mashine, haitulii. Toleo kuu hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na katikati yake marekebisho humiminika karibu kila wiki. Tangu Februari 2024 watunzaji wa kerneli wenyewe ndio wanaotoa namba za CVE (utambulisho wa dosari za usalama) kwa dosari zake, na orodha imerefuka kiasi kwamba nimeacha kuisoma. Ninachoshika ni utaratibu. Huu ndio ninaoutumia kwenye seva za Debian na Ubuntu, ambazo ni matoleo ya Linux.

Hatua ya 1: Jua kerneli iliyo kazini

`uname -r`
`dpkg -l 'linux-image*' | grep ^ii`

Amri ya kwanza inaonyesha kerneli inayoendesha mashine sasa hivi, ya pili zilizoko kwenye diski. Kama iliyo kazini si ile mpya kuliko zote kwenye diski, bado hujasasisha, hata kama apt (programu ya kusakinisha vifurushi) ilimaliza salama. Kerneli mpya hukaa tu kwenye diski mpaka mashine iwashwe upya. Mwaka 2022 dosari ya Dirty Pipe (CVE-2022-0847) ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine). Marekebisho yaliingia kwenye 5.15.25 na 5.16.11, lakini aliyeyasakinisha asiwashe upya aliuacha mlango wazi vilevile.

Kuna hatari nyingine inayonigusa zaidi. Seva moja ya ofisi niliyoitunza ilikaa miezi bila kuzimwa, nasi tukaona fahari. Umeme ukakatika, betri ya UPS ikaisha. Ilipowaka ilichukua kerneli ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu, na kadi ya mtandao haikuonekana kwa sababu dereva yake haikujengwa kwa kerneli hiyo. Tangu siku hiyo sikubali umeme ndio unichagulie saa ya majaribio.

Hatua ya 2: Angalia nafasi

`df -h /boot`

/boot ndiko kerneli hukaa. Ikikaribia kujaa, endesha `sudo apt autoremove --purge`. Usifute mafaili ya /boot kwa mkono.

Hatua ya 3: Sakinisha, kisha kagua madereva

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

Kama umezoea `apt-get upgrade`, jihadhari: haisakinishi vifurushi vipya, na kerneli mpya mara nyingi huja kama kifurushi kipya. Utaona imezuiwa, wiki baada ya wiki.

Kisha `dkms status`. DKMS ndiyo hujenga upya madereva ya nje, yaani yasiyokuja na kerneli yenyewe. Kila dereva ya nje ionekane imesakinishwa kwa namba ya kerneli mpya. Isipoonekana, usiwashe upya kwanza. Mara nyingi kinachokosekana ni kifurushi cha linux-headers, chenye mafaili ya kujengea madereva.

Hatua ya 4: Washa upya ukiwa tayari

Hakikisha una njia ya kuifikia mashine bila SSH (njia ya kuingia kwa mbali kupitia mtandao): kibodi na skrini, au konsoli ya mtoa huduma. Kisha `sudo reboot`. Ikigoma, kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapowaka, chagua mstari wenye maneno Advanced options, uwashe kwa kerneli ya zamani. Ndiyo maana huwa naiacha ile ya zamani mpaka mpya ifanye kazi wiki nzima. Ikiwaka, rudia `uname -r`.

Hatua ya 5: Ziachie zinazoweza kujisasisha

Seva zilizo na pacha wa kuzishikia zamu nazikabidhi kwa unattended-upgrades, programu inayosakinisha masasisho yenyewe. Seva ya hifadhidata iliyo peke yake siikabidhi. Hiyo naiwasha upya mwenyewe. Kwenye faili la /etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades weka:

`Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot "true";`
`Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot-Time "02:00";`

Hiyo ni saa nane usiku kwa saa ya seva, si lazima iwe yako. Pima kwa `timedatectl`. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC (saa ya kimataifa), na hapo 02:00 ni saa kumi na moja alfajiri Dar es Salaam na Nairobi. Kama wateja wako huanza kazi mapema hivyo, andika "23:00".