Kengele ya banda la kuku isiyotegemea ruta

Banda langu hapa Muheza liko mita 30 hivi nyuma ya nyumba. Kengele yangu ya kwanza ilipitia ruta, kile kifaa cha Wi-Fi cha nyumbani. Umeme ukikatika, ruta inazima, kicheche anajihudumia. Sasa natumia ESP-NOW, njia ya kutumiana ujumbe hewani bila ruta: ESP32 mbili (vibodi vidogo vya kompyuta vyenye redio) zinaongea zenyewe kwa zenyewe, moja bandani, nyingine ndani ikiwa na buza, kidude cha kupiga mlio.

Kihisi mwendo chukua AM312. HC-SR501 ndiyo imejaa madukani, lakini inataka volti 4.5 kwenda juu, wakati AM312 inaridhika hata na 2.7. Betri yangu nilichomoa kwenye taa ya sola iliyopasuka, imeandikwa 3.2V. Ipime kwa mita kwanza, ikizidi 3.6 utaunguza ESP32. Chanya ya betri na ya kihisi zote ziende kwenye pini ya ESP32 iliyoandikwa 3V3, hasi zote GND, na mguu wa katikati wa AM312 uende pini 33. Betri ikiwa imefungwa, usichomeke USB.

Mwanzoni niliweka pawabenki bandani. ESP32 ikilala haili umeme wa maana, basi pawabenki ikadhani hakuna simu, ikajizima. Niligundua asubuhi, kwa manyoya.

Kwenye Arduino, programu ya kompyuta ya kuandikia kodi za ESP32, soma anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya ESP32 ya ndani, uiandike kwenye programu ya ile ya bandani. Hii ya bandani ilale, iamshwe na pini 33 (esp_sleep_enable_ext0_wakeup), itume ujumbe, ilale tena. Ila kabla haijalala weka mstari huu:

while (digitalRead(33)) delay(50);

Mimi niliusahau. Pini ilikuwa bado juu, yaani kihisi bado kinatoa ishara ya mwendo, ESP32 ikawa inalala na kuamka papo hapo, buza ikalia mfululizo mpaka mama akatoka na kanga mkononi akaing'oa waya.

Kihisi kikae mbali na antena. Mimi nimetumia waya wa sentimita 20, maana redio ikituma hukizuga. Na usikielekeze kwa kuku, watakuliza buza usiku kucha. Nimekivisha kipande cha bomba la plastiki, kinatazama nje kwenye tundu analopitia mwizi tu.

Pawabenki ilipata kazi ndani. ESP32 ya huko inasikiliza muda wote, kwa hiyo inakula umeme wa kutosha kuizuia isijizime.