Namna ya Kupeleka Matoleo Mapya kwenye Klasta ya Kubernetes Bila Mkono wa Mtu

Mwongozo huu unawahusu wale ambao wamekwisha kugawa programu yao katika huduma ndogo ndogo, kila huduma ndani ya kontena lake (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji ili iendeshwe), lakini bado kuna mtu mmoja katika timu ambaye kila toleo jipya likiwa tayari hukaa na kompyuta yake jioni, akatengeneza imeji (faili ambalo kontena huanzishwa kutokana nalo), akaipandisha mtandaoni, kisha akaingia kwenye klasta (kundi la seva zinazoendesha makontena hayo, likisimamiwa na Kubernetes) na kuandika amri moja baada ya nyingine. Sisi tulikuwa hivyo hapa Kijitonyama: huduma tano za kupokea oda za wafanyabiashara wa Kariakoo, klasta ikiwa Johannesburg, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Anza kwa kuondoa ujenzi wa imeji kwenye kompyuta yako. Imeji yetu kubwa ilikuwa na megabaiti 900 hivi, na kuipandisha kutoka Dar es Salaam kulitegemea hali ya intaneti ya siku hiyo. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, kazi ilisimama kabisa. Ukitumia huduma za kuendesha kazi kiotomatiki kama GitHub Actions au GitLab, unachopandisha wewe ni mistari ya msimbo tu, yaani kilobaiti chache, na seva iliyoko huko huko kwenye wingu ndiyo inayojenga imeji na kuiweka kwenye rejista, yaani ghala la imeji. Katika faili la paipulaini, yaani mfululizo wa hatua zinazojiendesha zenyewe, weka masharti mawili: paipulaini ianze pale tu mabadiliko yanapoingia kwenye tawi kuu la msimbo, na ijenge huduma ile tu ambayo folda yake imeguswa. Bila sharti la pili, kurekebisha neno moja kwenye risiti kutajenga upya huduma zote tano. Majaribio yatangulie, na yakifeli imeji isijengwe.

Imeji ikishajengwa huhitaji jina, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Lebo ya `latest` inavutia kwa sababu haidai kufikiri, lakini haimwambii mtu yeyote ni msimbo upi ulio ndani. Ijumaa moja podi tatu (yaani nakala tatu zinazoendeshwa) za huduma yetu ya malipo, zote zikiwa na lebo hiyo hiyo, zilianza kujibu tofauti. Nodi moja, yaani seva mojawapo ya klasta, ilikuwa imebadilishwa usiku, podi iliyokuwa juu yake ikaanza upya na kuvuta imeji mpya ambayo hakuna aliyekusudia kuitoa, huku nyingine mbili zikiendelea na ya zamani. Tangu siku hiyo kila imeji hubeba namba ya komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa) iliyoizaa, kama `malipo:3f9c2ab`, na lebo ikishatumika haitumiki tena. Ukiona kosa, unasoma lebo ya podi na kwenda moja kwa moja kwenye mstari wa msimbo.

Kuhusu ruhusa, nitakuwa mfupi. Usihifadhi ufunguo wa kudumu wa wingu ndani ya paipulaini. Tumia utaratibu wa OIDC, ambao huipa kila kazi tokeni, yaani kibali, ya muda mfupi, na akaunti inayotumiwa na kazi hiyo iwe na haki katika sehemu yake tu ya klasta. Kumbuka pia kwamba nywila ulizoweka kwenye `Secret` za Kubernetes zimeandikwa kwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na base64 si kufuli: yeyote anayeweza kuzisoma anaweza kuzifungua kwa amri moja.

Sasa tuje kwenye kupeleka kwenyewe. Kwa kawaida yake Kubernetes hubadilisha podi kidogo kidogo, ikiruhusu asilimia 25 ya idadi uliyoitaka kuzidi na asilimia 25 kukosekana. Ukiwa na podi tatu, asilimia 25 ni 0.75, kwa zinazozidi namba hupandishwa kuwa 1, na kwa zinazokosekana hushushwa kuwa 0. Maana yake podi mpya moja huongezwa, husubiriwa mpaka iwe tayari, ndipo ya zamani moja huondolewa. Neno lenye uzito hapo ni «tayari». Usipoweka `readinessProbe` (kipimo cha kuuliza kama podi iko tayari kupokea wateja), kontena likiwaka tu klasta huamini kwamba liko tayari, hata kama bado halijaifikia hifadhidata, na wateja wataelekezwa kwenye podi isiyojua kujibu. Kwa hiyo ipe kila huduma anwani kama `/tayari`, inayojibu 200 (namba ya HTTP inayomaanisha «sawa») baada tu ya kuunganika na vitu inavyovihitaji ili kufanya kazi.

Hatua ya mwisho ya paipulaini ni kusubiri matokeo, kwa kutumia `kubectl`, chombo cha kuiamrisha klasta:

`kubectl rollout status deployment/malipo --timeout=180s`

Amri hii ikimaliza muda bila podi mpya kuwa tayari, hutoa kosa, na kosa hilo ndilo liiamshe inayofuata:

`kubectl rollout undo deployment/malipo`

Usidhani Kubernetes itarudi nyuma yenyewe. Baada ya sekunde 600 huandika tu kwamba toleo limekwama, kisha hukuachia wewe. Na kurudi nyuma hakugusi hifadhidata. Ukifuta safu wima ya jedwali katika toleo jipya, toleo la zamani likirudishwa litaitafuta na kuikosa. Ongeza safu wima mpya kwanza, acha matoleo yote mawili yaishi nayo, na ya zamani uifute katika toleo la baadaye. Kazi hii inachosha, lakini bila hiyo amri ya `undo` ni pambo.

Limebaki suala la saa, ambalo hapa kwetu lina mitego miwili. Ratiba za GitHub Actions huandikwa kwa UTC, saa ya rejea ya kimataifa, usipotaja ukanda mwingine, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Juu ya hapo, mwenzako akikwambia «saa nane usiku» anamaanisha 02:00. Kazi ya saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa UTC, ni saa 23:00 ya Jumapili, kwa hiyo ratiba inaandikwa `0 23 * * 0` (dakika 0, saa 23, siku yoyote ya mwezi, mwezi wowote, siku 0 ya wiki, yaani Jumapili). Kwa kazi zinazoendeshwa ndani ya klasta, `CronJob`, yaani kazi ya ratiba ya Kubernetes, ina sehemu ya `timeZone`. Andika `Africa/Dar_es_Salaam` hapo, na hesabu ya kutoa tatu haitahitajika.