Balbu za volti 12 kwenye boti na karavani: pima kwanza, nunua baadaye

Mteja alinijia na mfuko wa nailoni, akaumwaga mezani. Zilitoka balbu kumi na moja za LED, zile ndogo za pini mbili, zote zimekufa. "Fundi, zimeandikwa volti 12, na boti yangu ni ya volti 12. Kosa langu nini?" Nikachukua moja, nikaichana plastiki kwa kisu. Ndani hamkuwa na kitu ila vijidoa vya LED na rezista (kizuia mkondo) moja iliyobabuka mpaka ikawa rangi ya kahawa. Nikamwambia kosa si lake peke yake, kwa sababu volti 12 za kwenye pakiti na volti 12 za kwenye chombo ni vitu viwili tofauti.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye boti, karavani au gari la kulala anayetaka kubadilisha balbu mwenyewe. Utahitaji multimita (kipima umeme), rula yenye milimita, kalamu na utepe wa karatasi.

Hatua ya 1: Pima volti kwenye soketi ya taa

Betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7. Washa injini ili alteneta ichaji, au chomeka chaja, au ngoja jua la saa sita lipige paneli za sola, kisha pima tena: waya zile zile zitakuonyesha karibu 14.4. Chaja ikiwa kwenye hatua ya kusawazisha seli, hata 15 inavukwa. Usiku, jokofu likivuta na betri imechoka, unashuka chini ya 12. Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 hukaa juu ya 13 hata zikiwa zimepumzika. Kwa mfumo wa volti 24, unaopatikana kwenye boti kubwa na magari yaliyojengwa juu ya chasi ya lori, zidisha namba za betri ya asidi mara mbili.

Kwa hiyo toa balbu ya zamani, weka ncha za multimita ndani ya soketi, na upime mara mbili: mara ya kwanza asubuhi kabla ya chaji yoyote, mara ya pili chaja ikisukuma kwa nguvu zote. Andika namba zote mbili. Ile ya juu ndiyo inayoua balbu. Angalia pia ncha ipi ni chanya na ipi ni hasi, maana utaihitaji baadaye.

Wenye karavani wana jambo moja la ziada. Baadhi ya taa za dari hulishwa na transfoma pale gari linapounganishwa na umeme wa nje, na transfoma hiyo hutoa volti 12 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo), si DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Geuza multimita upande wa AC upime tena. Ukikuta AC, balbu iliyoandikwa DC pekee haikufai.

Hatua ya 2: Kwenye pakiti, tafuta namba mbili badala ya moja

Balbu inayofaa chombo chenye betri huandikwa kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano "10–30V DC". Ndani yake mna saketi ndogo inayodhibiti mkondo: volti zipande au zishuke, LED zinapata kiasi kile kile na mwanga hautikisiki. Ukinunua ya 10–30, inakufaa kwenye mfumo wa 12 na wa 24 pia, mradi namba ya juu uliyopima isivuke 30.

Iliyoandikwa "12V" tu mara nyingi ni ya rezista. Hesabu yake ni rahisi. LED nyeupe tatu zilizofuatana hula karibu volti 9.6. Betri ikiwa na 12.6, rezista inabaki na volti 3 za kuzuia. Chaja ikifika 14.4, zinakuwa 4.8. Rezista ni ile ile, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye LED unaweza kupanda kwa nusu nzima au zaidi, na joto linapanda pamoja nao. Ndiyo maana balbu hizo huwaka vizuri dukani, huwaka vizuri wiki ya kwanza, halafu huanza kupepesa moja baada ya nyingine kwenye karavani iliyoachwa na chaja siku zote.

Mwenye balbu za uzi asijione amepona. Ukizidisha volti kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu ya uzi hupungua karibu nusu. Tofauti ni kwamba yeye ameshazoea kuzibadilisha.

Hatua ya 3: Tambua kitako, na upime kwa rula

Hapa ndipo watu wengi hupoteza safari ya pili ya dukani. Usiamini macho. Vitako vinafanana mno.

Balbu za pini zinazozungushwa kama za indiketa zina majina yanayoanza na BA, kwa mfano BA15. Hiyo 15 ni kipenyo cha kitako kwa milimita. BA15s ina kitone kimoja cha risasi chini, na ganda la chuma ndilo hasi. BA15d ina vitone viwili. Zote mbili pini zake za ubavuni ziko usawa mmoja, zinatazamana. BAY15d ina vitone viwili pia, ila pini moja iko juu kuliko nyenzake. BAU15s ina kitone kimoja na pini zisizotazamana sawasawa. BA9s ni ndogo yao, milimita 9.

BAY15d ina mtego wake. Kwenye gari ni balbu ya nyuzi mbili, uzi mmoja wa taa ndogo na mwingine wa breki. Lakini zipo taa za boti zinazotumia kitako hicho hicho kwa balbu ya uzi mmoja, na pini zimepishanishwa ili balbu ikae upande mmoja tu na uzi uwe pale pale unapotakiwa. Ukichomeka ya gari humo, inaweza kuingia vizuri kabisa na isifanye kazi inavyopaswa. Na kama boti yako ni ya alumini, jihadhari na soketi ya BA15s ambayo ganda lake limegusana na mwili wa boti: umeme wa hasi ukipita kwenye alumini, unaila.

Balbu ndogo za pini mbili ni G4, yaani pini ziko milimita 4 kutoka moja hadi nyingine. Zenye kioo cha kuakisi kama kikombe, kipenyo milimita 50, huitwa MR16 na pini zake zimeachana milimita 5.3. Ndugu yake mdogo, MR11, ana kipenyo cha milimita 35 na pini za milimita 4, lakini pini hizo ni nene kuliko za G4. Kwenye G4, ukishajua pini, pima pia nafasi iliyopo ndani ya taa. LED nyingi za G4 ni kisahani. Kuna zenye pini nyuma ya kisahani na zenye pini ubavuni, na taa yenye kifuniko kifupi haipokei zote mbili.

Balbu za mrija zenye ncha mbili, zinazofanana na fyuzi ya kioo, hupimwa kutoka ncha hadi ncha. Urefu wa kawaida ni milimita 31, 36, 39 na 42. Milimita tatu zinaonekana ndogo mpaka uone balbu ya 36 ikining'inia kwenye vibanio vya 39: inagusa leo, kesho haigusi, na pale inapogusa nusu nusu chuma kinapata moto na kuwa cheusi. Ukikuta vibanio vimelegea, vibane kidogo kwa koleo kabla ya kuilaumu balbu.

Zile zisizo na kitako cha chuma, za kusukuma tu kama za dashibodi, ni W5W. Nyingi za LED zina upande wa chanya na wa hasi. Isipowaka, itoe uigeuze kabla ya kuitupa. Nimeokoa balbu nyingi sana kwenye pipa la takataka kwa njia hiyo.

Hatua ya 4: Linganisha lumeni (kipimo cha mwanga), sahau "sawa na wati 50"

Maandishi ya "sawa na wati fulani" ni matangazo. Chukua namba hizi za balbu za uzi kama kipimo: W5W hutoa karibu lumeni 50, ya wati 10 yenye kitako cha BA15s hutoa 125, na ya wati 21 hutoa 460. Halojeni ya G4 ya wati 10 iko kwenye lumeni 130 hivi. LED nzuri hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati moja, kwa hiyo LED ya wati 1.5 inatosha kuchukua nafasi ya halojeni hiyo.

Faida yake utaiona kwenye betri. Halojeni tatu za wati 10 zikiwaka saa tano zinakula karibu ampea-saa 12.5. LED tatu za wati 1.5 kwa muda huo huo hazifiki 2.

Ila uzi hutoa mwanga pande zote, na kisahani cha LED hutoa upande mmoja. Kwenye taa ya ukutani yenye kifuniko cha maziwa, kisahani kinachotazama ukuta ni hasara tupu. Hapo nunua LED yenye umbo la mnara, iliyozungushiwa vidoa pande zote.

Hatua ya 5: Rangi

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: namba ndogo ni mwanga wa njano, kubwa ni mweupe wa kibuluu. Kelvini 2700 hadi 3000 kwa vyumba vya kukaa na kulala, 4000 jikoni. Kelvini 6000 iache kwenye chumba cha injini. Ukiiweka juu ya kitanda utalala kama mgonjwa anayesubiri upasuaji. Uaminifu wa rangi, CRI, uwe 80 au zaidi, na mahali unaposhughulikia nyaya uwe 90: chini ya LED mbovu waya mwekundu na wa kahawia hufanana. Kwenye meza ya ramani weka nyekundu hafifu, kwa sababu macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza tena.

Hatua ya 6: Sikiliza redio

Ile saketi niliyoisifu kwenye hatua ya 2 hufanya kazi kwa kukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ikitengenezwa ovyo, inarusha kelele zinazoingia kwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, na kwenye AIS, mfumo unaoonyesha vyombo vilivyo jirani. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hilo hasa: kuna LED zinazoweza kuziba redio kiasi kwamba wito wa dharura hausikiki. Redio haikuambii kwamba imezibwa. Inanyamaza tu, nawe unadhani bahari imetulia.

Jaribio ni la dakika mbili. Zima taa zote za LED. Weka redio kwenye chaneli isiyo na mazungumzo. Fungua skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mkwaruzo) mpaka usikie mkwaruzo, kisha irudishe polepole mpaka mkwaruzo ukatike tu, usizidishe hata kidogo. Sasa washa taa moja moja. Mkwaruzo ukirudi, balbu hiyo ni mkorofi. Anza na ya juu ya mlingoti, iliyo jirani na antena. Dawa yake si kuifunga karatasi ya alumini. Itoe, ununue iliyoandikwa kwamba imepimwa kwa usumbufu wa mawimbi ya redio.

Hatua ya 7: Taa ambazo hazibadilishwi kiholela

Taa za boti za kuonekana na vyombo vingine usiku, yaani nyekundu, kijani, ya mlingoti na ya tezi (nyuma), zina sheria yake. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinataka, kwa chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni zionekane maili 1 ya baharini, na za mlingoti na tezi maili 2. Kila ya ubavuni iangaze pembe ya digrii 112.5, isizidi. Ukingo huo hutegemea uzi mwembamba uliosimama mahali pamoja. Weka badala yake mnara mnene wa LED, na mwanga unavuja ng'ambo ya omo (mbele ya boti): mwenzako aliye mbele anaona nyekundu na kijani pamoja mahali asipopaswa. Rangi nayo huharibika. LED nyeupe ina upungufu wa nyekundu na wingi wa buluu, hivyo nyuma ya kioo chekundu inafifia, na nyuma ya cha kijani inaelekea buluu.

Ushauri wangu: kama mtengenezaji wa taa hiyo hajaidhinisha LED maalumu kwa ajili yake, rudisha balbu ya uzi ya wati zile zile, au badilisha taa nzima kwa ya LED iliyoidhinishwa. Taa za barabarani za karavani zipe heshima hiyo hiyo. Huko utajua mapema, kwa sababu indiketa itapepesa haraka haraka kama iliyoungua: rilei (swichi inayopepesa indiketa) inahesabu mkondo, na LED haivuti wa kutosha.

Hatua ya 8: Nunua moja, iache wiki

Ichomeke kwenye taa iliyofungika kuliko zote, yenye hewa kidogo. Washa chaja, iache saa nzima, kisha izime na uiguse nyuma. Ikiwa huwezi kuishikilia kidole, taa hiyo haiifai, hata kama namba zote zimekubali. Kama kuna dima (kipunguza mwanga), jaribu nayo sasa. Ikibaki na kimwanga cha mzuka baada ya kuzimwa, angalia kama swichi ina kitaa chake cha ndani. Mkondo kidogo unaopita hapo haukuonekana kwenye uzi, lakini LED inaunyonya.

Fyuzi usiiguse. Iko pale kulinda waya, na waya ni ule ule.

Wiki ikipita salama, nunua zilizobaki na mbili za akiba kutoka aina ile ile, maana rangi hutofautiana kati ya aina moja na nyingine. Kisha kata kipande cha utepe wa karatasi, andika kitako, urefu na volti ulizopima, ukibandike ndani ya kifuniko cha taa.