Dalia: viazi vyake vianzie kwenye chungu, si bustanini

Dalia ni ua la bustani linaloota kutoka kwenye kiazi, na kiazi chake kinafanana na kiazi kitamu kwa sura tu. Macho yake, yaani sehemu zinazochipua, hayakutapakaa mwilini. Yako mahali pamoja, kwenye kichwa, pale shingo ya kiazi inaposhikana na kisiki cha shina la msimu uliopita. Kiazi kinono kilichochomoka bila kipande cha kichwa hicho huweza kutoa mizizi, kikakaa kizima miezi mitatu, na kisichipue kamwe. Ukikizika bustanini utamwagilia shimo tupu. Kwenye chungu utagundua ndani ya wiki chache.

Sababu nyingine ni hali ya hewa. Uingereza, kwa mfano, jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, inaweza kuanguka hadi Mei, na jani la dalia likigandishwa usiku mmoja asubuhi huamka jeusi. Wanaoanza ndani mwishoni mwa Machi au mapema Aprili hutoa nje mche wenye mizizi, si kiazi kitupu. Nyanda za juu za kwetu adui ni mvua: kiazi kisicho na mizizi kikilala kwenye udongo uliolowa, kinaoza. Kwa hiyo Lushoto au Limuru, panapotegemewa masika ya Machi, anza Februari. Njombe, ambako mvua huanza Novemba, anza Oktoba. Vyungu vikae barazani, chini ya paa.

Kabla ya kugusa udongo, kagua. Bonyeza kila kiazi. Kilicho kigumu ni kizuri, na kilichonywea kidogo kama karoti iliyosahauliwa jikoni bado kinafaa. Kilicho laini na chenye harufu kikate mpaka ufike kwenye nyama nyeupe. Ukikosa weupe, tupa. Ukungu wa juujuu futa kwa kitambaa kikavu. Angalia shingo kwa makini zaidi kuliko mwili: kiazi kinachoning'inia kwa ngozi tu, shingo imevunjika, hakitaota hata kiwe kikubwa namna gani. Na ukiona kwenye kichwa uvimbe wenye vinundu kama koliflawa, huo ni ugonjwa wa bakteria. Usiutie kwenye mboji. Tupa fungu zima la viazi vilivyoshikana kwenye kisiki kimoja na upanguse kisu kwa spiriti kabla ya kukata kingine.

Macho yasipoonekana, weka fungu mahali penye joto la nyuzi 18 hadi 20 kwa wiki moja au mbili; yatavimba kama chunusi ndogo. Hapo ndipo pa kugawa fungu, si kabla. Kila kipande kiwe na kiazi kimoja, shingo nzima na angalau jicho moja. Kiache kidonda kikauke siku moja au mbili.

Chungu cha lita 2 au 3 kinatosha, mradi kina matundu chini. Kopo la rangi lililosafishwa na kutobolewa kwa msumari wa moto linafanya kazi ileile. Changanya sehemu mbili za mboji iliyoiva na sehemu moja ya mchanga wa mto. Samadi mbichi usiitie kabisa, huunguza mizizi michanga. Udongo uwe na unyevunyevu: ukiufumbata mkononi ushikane bila kutoa tone, ukiudonoa kwa kidole umomonyoke. Jaza nusu, laza kiazi, kisha fukia mpaka kichwa kifunikwe kwa sentimita 2 tu. Fungu kubwa kichwa chake kinaweza hata kuchungulia. Mkia mrefu usioingia unaweza kuukata. Andika jina la aina kwenye kijiti sasa hivi, maana miche yote ya dalia hufanana.

Sasa inakuja sehemu inayoua viazi vingi kuliko wadudu wote: maji. Kiazi kimebeba maji na chakula chake mwenyewe, na hakina mizizi ya kunywea. Maji unayoyaongeza hayaendi kokote. Yanajaza nafasi za hewa, na kuvu zinaingilia kwenye kidonda cha kisu. Usimwagilie mpaka chipukizi kitokeze. Hofu ya kukausha ina msingi mahali pamoja tu, ndani ya nyumba yenye hita. Huko, udongo ukigeuka vumbi, nyunyiza robo kikombe pembezoni mwa chungu, mbali na kichwa.

Joto la nyuzi 15 hadi 20 linatosha. Chipukizi huja baada ya wiki mbili hadi nne, aina nyingine hadi sita. Zikipita sita, fukua uone. Mwanga hauhitajiki mpaka hapo, ila mara kichwa cha kijani kitokezapo, sogeza chungu dirishani penye jua siku hiyohiyo. Mche mrefu, mwembamba, uliopauka ni mche uliopewa joto jingi na mwanga haba, na hauponi kwa mbolea.

Vichipukizi vikizidi vitano, bakisha viwili au vitatu. Vilivyofika sentimita 7 au 8 vikate karibu kabisa na kichwa, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki mbili tatu vitakuwa na mizizi, nawe umepata miche ya bure. Mche mkuu ukifikisha jozi nne za majani, kata ncha yake juu ya jozi ya tatu au ya nne. Maua yatachelewa kidogo, lakini matawi yataongezeka.

Kuzoesha nje kunachukua siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza muda wa saa mbili kivulini, kisha ongeza kila siku, jua la mchana likija mwisho. Wanaoruka hatua hii huona majani yakibabuka meupe, wakadhani ni ugonjwa.

Panda jalidi ikishapita, au mvua za kwanza zikishatulia. Chimba shimo, simika mti wa kuegemea wa mita 1.5 kwanza, ndipo uweke mche: mti ukipigiliwa baadaye hutoboa viazi usivyoviona. Toa donge zima bila kulivunja, lizame sentimita chache zaidi ya lilivyokuwa chunguni, na uache sentimita 60 kati ya mche na mche. Mbolea ya naitrojeni nyingi italeta majani matupu. Wiki mbili za mwanzo toka na tochi usiku ukaokote konokono. Wanapenda chipukizi changa, na usiku mmoja unawatosha kuumaliza mche uliouhangaikia wiki sita.