Umenunua Eunos iliyolala Malindi? Anza na athi, usianze na spea

Wacha niseme mapema usije ukapoteza pesa kama mimi. Gari ya zamani ikikaa hapa Malindi miaka bila kutembea, kinachotangulia kufa si injini, ni maungio ya waya, hasa ya athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Hii chumvi ya bahari inaingia kila pahali, unaiona kwenye mabati, kwenye bawaba za madirisha, mpaka kwenye mnyororo wa baiskeli, sasa fikiria kipande cha waya kilichobanwa na bolti ndani ya buti ambayo mwaka mzima haijafunguliwa.

Yangu ni Eunos Roadster ya 1.6, ile ambayo nje ya Japani wanaiita Mazda MX-5, gari ya watu wawili, paa la turubai, taa za kuinuka kama macho ya chura. Ilioneshwa kwa watu mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na zile za mwanzo zina uzito wa kama kilo 940 tu, yaani tani haifiki. Niliikuta chini ya banda la makuti upande wa Casuarina, kuku wamelala juu yake, mwenyewe akaniambia "haina neno hii, betri tu". Basi nikaamini.

Wiki ya kwanza inawaka asubuhi, ukizima sokoni inagoma. Inapiga tk, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Fundi wa kwanza akasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Nikaagiza altaneta Mombasa, ikaja na basi, ikafungwa, siku mbili gari ikarudi pale pale. Wa pili akasema stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Hapo nikasema hapana bwana, nikaenda kununua mita ya kupima umeme, ile ya bei ya chini kabisa inayouzwa madukani, na hiyo mita ndo imenisaidia kuliko kila nilichokinunua.

Sasa fanya hivi. Gari ikiwa imezimwa na imepumzika usiku kucha, weka mita kwenye volti za DC, gusisha ncha zake mbili kwenye vichwa viwili vya betri. Ikisoma 12.6 au hapo karibu betri imejaa, ikisoma 12.2 imeenda nusu, chini ya 12 usijaribu kutafuta ugonjwa mwingine, ichaji kwanza ndo uendelee, maana betri dhaifu itakudanganya kila kipimo. Washa gari, pima tena pale pale. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ukiiona hapo altaneta yako ni nzima, usidanganywe na mtu. Mi yangu ya zamani ilikuwa nzima wallahi, ilikuwa inasoma 14.2, iko kwenye boksi mpaka leo.

Kipimo cha tatu ndo mafundi wengi hawakifanyi. Ncha moja ya mita iguse kichwa hasi cha betri chenyewe, si ile klampu ya waya inayokibana, ncha ya pili iguse chuma cha injini, sehemu safi isiyo na rangi, halafu mtu apige stata. Mita hapo inakuonesha volti ngapi zinapotea njiani kwenye athi. Nusu volti ni mwisho, zaidi ya hapo kuna mahali umeme unabanwa. Yangu ilisoma volti 2 na pointi. Yaani betri inatoa kila kitu na stata inapata mabaki. Rudia hivyo hivyo upande chanya, kutoka kichwa chanya cha betri mpaka bolti kubwa ya stata, ili usije ukasafisha upande mmoja ukaacha mwingine.

Betri ya hizi gari iko ndani ya buti upande wa kulia, waliiweka huko kusawazisha uzito. Waya wa athi unatoka hapo ni mfupi tu, unaingia kwenye bodi kwa bolti moja, halafu huko mbele kuna waya mwingine unaotoka injini kwenda kwenye bodi. Yaani umeme wote wa stata unapita kwenye bati la gari, ukiwa na kutu kwenye mojawapo ya hizo bolti umekwisha. Niliifungua ile ya buti kwa spana, kwa juu inang'aa kabisa hauwezi kuishuku, lakini kile kisahani cha waya kwa chini kilikuwa na unga wa kijani kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa, na bati lenyewe limekuwa jeusi. Nikafuta kwa kidole, unga ukabaki kwenye kidole. Hapo ndo nikajua altaneta nimenunua bure.

Dawa yake haina gharama. Toa kichwa hasi cha betri kwanza kabla hujagusa chochote, piga msasa bati mpaka uone chuma cheupe, piga msasa kisahani pande zote mbili, rudisha bolti ikaze sawasawa, halafu ndo upake vaselini au grisi kwa JUU baada ya kukaza ili chumvi isiingie tena. Wako wanaopaka katikati kabla ya kukaza, mi sipendi, chuma na chuma kwanza. Na ukiona waya wenyewe umevimba chini ya plastiki au ukiukata kidogo ndani mweusi, usiusafishe, utupe, tengeneza mpya mnene.

Kuhusu betri, angalia aliyekuuzia aliweka ya aina gani. Hizi gari zilitoka na betri ndogo iliyofungwa yenye vipaipu vya kutolea hewa nje ya buti. Watu wakikosa ile wanatia betri ya maji ya kawaida, mvuke wake wa asidi unabaki ndani ya buti, unakula bati na kila waya ulio karibu. Ukikuta trei ya betri ina kutu inayochubuka kama magamba ya samaki, safisha kwa maji ya baking soda kabla hujaweka betri nyingine, na hiyo nyingine iwe ya kufungwa yenye sehemu ya kuchomeka kipaipu.

Kama betri inakufa usiku tu hilo ni jambo jengine, kuna kitu kinakunywa. Weka mita kwenye ampia, hamisha na ule waya mwekundu kwenye tundu la 10A, usisahau hilo utaunguza fyuzi ya mita. Toa waya hasi, weka mita katikati ya waya na kichwa cha betri, milango yote imefungwa, taa ya buti umeizuia isiwake, funguo nje, na usipige stata mita ikiwa hapo. Subiri kidogo. Ikizidi miliampia 50 anza kuchomoa fyuzi moja moja, ikishuka ghafla umeipata laini. Kwangu zote zilichomolewa haikushuka, ikawa ni alamu ambayo mtu aliifunga zamani akaichukulia umeme moja kwa moja kwenye betri, waya zimesokotwa zimefungwa kwa seloteipu, wallahi kwa seloteipu! Toa takataka zote hizo. Alamu, redio za kubandika, taa za buluu chini ya gari, toa, rudisha gari kama ilivyotoka kiwandani ndo utaweza kuifahamu.

Taa za kuinuka. Ikiinuka moja na nyengine imelala gari inakuwa na chongo na watoto watakucheka kuanzia Maweni mpaka mjini. Kabla ya kuuliza bei ya mota fungua boneti, chomoa fyuzi iliyoandikwa RETRACTOR, iko kwenye kiboksi cha fyuzi cha mbele, kisha kwenye mota ya taa kuna kofia ya mpira, chini yake kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Zungusha taa ipande ishuke. Ikiwa nzito ni maungio yake yamekauka, tia grisi. Ikiwa nyepesi na bado haipandi kwa swichi, safisha soketi yake na athi yake, mi nilimaliza kwa msasa na dawa ya kusafishia soketi tu. Toa mkono kabla ya kurudisha fyuzi, ile kitu inabana vidole vibaya.

Sasa stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Kwanza petroli, kama gari imelala mwaka na zaidi mwaga ile yote, ikinuka kama vanishi usibahatishe, weka mpya na badilisha filta. Halafu kuna siri ya hizi 1.6 ambayo ilinisumbua siku nzima: pampu ya petroli haifanyi kazi mpaka kile kibamba kilicho ndani ya kipima hewa, kile kinachofuatia boksi la filta, kisukumwe na hewa. Kwa hivyo ukiwasha funguo bila kupiga stata na husikii pampu ikivuma huko nyuma usikimbilie kununua pampu. Fungua filta ya hewa, funguo ikiwa ON, sukuma kibamba taratibu kwa kidole. Ikivuma, pampu ni nzima. Isipovuma, chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cha plastiki cha vipimo, ndani yake kuna matundu yameandikwa, unganisha F/P (pampu) na GND (athi) kwa kipande cha waya. Ikivuma hapo tatizo ni kipima hewa, isipovuma kabisa rudi kwenye fyuzi, rilei, waya, mwisho ndo pampu. Na huo mpira wa hewa unaotoka hapo kwenda injini ukague mikunjo yake, ukipasuka hewa inaingia bila kupimwa, injini inawaka halafu inajifia.

Plagi ziko na mwanya wa milimita 1.0 mpaka 1.1. Waya za plagi hizi gari zinazila, ukisikia inamisi hasa ukikanyaga kwenye mlima, ngoja usiku, fungua boneti injini inanguruma, zima taa zote. Ukiona vicheche vya buluu vinaruka pembeni ya waya, ndo hizo.

Kwa upande wa chuma kuna jambo moja la kulitazama hata kabla ya kulipa pesa. Injini za mwanzo za 1.6 zilikuwa na ncha fupi ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na puli inaweza kulegea ikala ncha. Angalia ile puli ya mbele chini, ukihesabu mianya minne ni ncha fupi, ukihesabu minane ni ile ndefu. Nne si hukumu ya kifo, ziko zinazotembea mpaka leo, lakini injini ikiwaka puli ikayumba yumba zima pale pale. Taiming belti kama hakuna aliyeandika ilibadilishwa lini basi haijabadilishwa, ni kila kilomita laki moja, na ukishafungua badilisha pampu ya maji palepale maana kazi ni moja. Afadhali kwenye hii injini ikikatika inazima tu, valvu hazigongani na pistoni.

Radieta itazame kichwa cha juu cha plastiki. Nyeusi ni sawa. Ikishageuka kahawia, plastiki imechoka, itapasuka siku ya jua kali ukiwa katikati ya njia ya Kilifi. Mlio wa tk tk tk juu ya injini usikutishe sana, gari iliyolala inafanya hivyo, badilisha oili, itembeze, mara nyingi unaondoka wenyewe.

Klachi ikizama mpaka chini na gia hazikubali, lala chini utazame pembeni ya gia boksi, kuna silinda ndogo yenye kofia ya mpira, ivute hiyo kofia kidogo. Ikitoka majimaji imekwisha. Badilisha hiyo na ile silinda ya juu inayosukumwa na pedali pamoja, ukitia moja mpya ya zamani itafuata baada ya mwezi. Kisha toa hewa, na hapo utahitaji mtu wa kukanyaga pedali, mi nilimuita shemeji yangu, kila nikisema "shikilia" anaachia. Na jeki usiiweke mchangani hivi hivi, tafuta ubao mpana chini yake, weka na stendi, gari nyepesi inaua vilevile.

Jambo la mvua sasa. Nyuma ya viti kila upande kuna tundu la kutolea maji ya paa, yanashuka yanatokea chini mbele ya tairi za nyuma. Majani ya mkungu na vumbi vikiziba, maji ya masika yanajaa ndani ya bodi na kuiozesha kutoka ndani, wewe kwa nje unaona rangi nzuri tu. Mi natumia mshipi mnene wa kuvulia, ule wa samaki wakubwa, unapita bila kutoboa mpira. Mwaga kikombe cha maji, kikitokea chini basi.

Ukimaliza yote itembeze mpaka Mambrui na kurudi, taratibu, bila kukanyaga breki sana. Ukifika nyumbani sogeza kiganja karibu na kila rimu, usishike. Moja ya nyuma ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa, ile inayobana breki, imeganda kwa chumvi, fungua, safisha pini zake, tia grisi ya breki. Kama ni handibreki tu haijakaa sawa, nyuma ya kalipa kuna bolti ya 14, chini yake unaingia na alenkii (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, kaza mpaka gurudumu lisizunguke, halafu rudisha nyuma theluthi moja ya mzunguko, zungusha kwa mkono uone liko huru, kisha nenda upande wa pili.